Mshahara Uliosomwa Barazani

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, 14 Agosti 1955

Kwa mdogo wangu Kasiani, uliyebaki kwetu badala ya baba na mama,

Salamu yangu ikufikie na ikukute umeketi, maana ikikukuta umesimama utaketi. Mgongo wako unaendeleaje? Na miguu ya Mauwa je, bado inavimba mvua ikikaribia? Nguruwe wamewaachia mihogo mwaka huu? Nasikia mtama umekubali kidogo upande wa bondeni, Mungu ashukuriwe. Sie huku tunaamka. Mie mwili hauna neno, ila goti la kushoto, nalo tumeshazoeana. Kilichoharibika ni moyo. Nimekasirika, Kasiani. Binti anayeniandikia alitaka kuweka kwamba nimehuzunika, nikamwambia afute. Huzuni naijua, nimezika mume na nimezika mwana. Hii siyo huzuni.

Mwalimu Adelard, najua ni wewe unayesoma, hapo kwenye baraza ya kanisa baada ya sala, na watu wamejaa mpaka kwenye ngazi kama siku zote barua ya Dar es Salaam inapofika. Pokea salamu zako na mkeo. Nakuomba kitu kimoja tu: soma kama ilivyo. Usitie sukari, na ukifika mahali pachungu usijikoholeshe ukaruka. Nanyi mliokaa hapo msiinuke. Barua ni ya Kasiani lakini hakuna kati yenu asiyehusika, isipokuwa watoto wa mgongoni.

Kasiani, barua yako ya mwezi uliopita imefika. Nilisomewa mara moja, nikaomba irudiwe, nikidhani masikio yangu yamezeeka. Kumbe ni mazima. Umesema mjukuu wangu Marselino asioe kwanza. Umesema neno lako la mjomba hulitoi mpaka alete mabati ya nyumba ya pili, na baiskeli, na awapokee watoto wengine wawili waje kusoma kwake. Ukamalizia kwamba mtu anayepata shilingi mia nne kwa mwezi ni tajiri, na tajiri hana haraka ya mke. Hapo ulicheka. Nilikusikia unacheka ndani ya karatasi.

Basi leo nitakueleza huyo tajiri anavyoishi, kwa kuwa wewe hujamwona tangu ana miaka mitano, siku nilipomtoa hapo kijijini na kikapu kimoja, mama yake, binti yangu Tunu, akiwa kaburini hana hata miezi sita.

Marselino ni karani mkuu wa ghala kwenye kampuni ya meli. Mia nne anapata, sikatai. Makuli wanaobeba magunia kwenye ghala lake wanapata sitini, wengine hawafiki. Wazungu wa kampuni wamempa nyumba ya vyumba viwili na ukumbi hapa hapa Temeke, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Ukisikia hivyo unasema kweli, tajiri. Sasa njoo alfajiri usimame na mie njia panda, nikiwa na karai langu la vitumbua. Utamwona tajiri anakuja kwa miguu, viatu kavishika mkononi ili soli isiishe. Akifika kwangu anakung'uta mchanga, anavaa viatu, anakula vitumbua vitatu, na halipi, kwa sababu hana. Baada ya tarehe kumi ya mwezi hana hata nauli ya basi. Koti lake la kazini limetoboka kiwiko, kalishona mwenyewe kwa uzi wa gunia, mishono kama makovu ya ndui. Karani mkuu! Mzungu wake alimuuliza kama anacheza kamari.

Hachezi kamari. Anacheza na nyie.

Ndani ya nyumba ile ya kampuni wanalala watu tisa, na mwenye mshahara ni wa kumi. Mwanao Damasi yupo, mwaka wa tatu sasa, alikuja kwa wiki mbili kutibiwa jino. Jino lilishang'olewa, Damasi hajang'oka. Yupo na kaka yake. Wapo ndugu wawili wa Mauwa wanaotafuta kazi, na wanaitafuta wakiwa wamelala. Wapo watoto wanne wa kusoma, hao siwasemi vibaya, hawakujileta. Yupo na mzee mmoja ambaye mpaka leo sijajua ni wa nani. Kila nikimuuliza anataja ukoo mwingine. Damasi analala kwenye kitanda. Marselino analala kwenye mkeka ukumbini, karibu na mlango, kwa sababu yeye ndiye anayetoka mapema na haifai kuwaamsha wageni. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Aliniambia huku anacheka, na mie nilitaka nimpige na upawa.

Mshahara una siku yake, hiyo ndiyo taabu yake. Mwisho wa mwezi unajulikana Temeke, unajulikana Lindi, unajulikana mpaka huko kwenye mikorosho. Siku hiyo Marselino akitoka kazini anakuta watu wamekaa ukutani kama kunguru machinjioni. Mmoja ana kodi ya kichwa ya baba yake. Mwingine kafiwa. Mwingine anakaribia kufiwa, anaomba mapema. Na posta kuna barua zenu, na kila barua inaanza na Mungu akubariki mwanetu. Kufika nyumbani, mfuko umebaki na kitambaa.

Sasa kuhusu mke. Binti anaitwa Felicitas, Mhaya wa Bukoba, mwalimu wa shule ya wasichana hapa karibu. Baba yake, Mzee Ansbert, alikuwa karani wa serikali, amestaafu, anakaa Kinondoni. Kwa kuwa Kinondoni ni mbali na shule, padre alimwombea binti mahali kwangu, na baba akakubali kwa sababu alinitazama akaona sina mchezo. Amekaa chumba changu cha mbele miaka miwili. Marselino alikuwa anakuja kula vitumbua asubuhi tu; mara nikaona anakuja na jioni kuuliza kama goti langu linaendeleaje. Goti langu halijawahi kuulizwa hali namna ile. Mie siyo kipofu, Kasiani. Nilifurahi mpaka nikajificha jikoni.

Tukatuma mshenga, mzee wa kanisa. Mzee Ansbert akasema mahari si neno kubwa kwake, anachotaka ni kuona mahali ambapo mwanawe atawekwa, na kusikia kwamba watu wa upande wa mwanamume wamekubali. Akasema atakuja mwenyewe. Hakuwa amemwona Marselino bado, ndio taratibu zao, mwoaji hajipeleki.

Akaja Jumapili moja baada ya misa ya pili, na kofia yake na baiskeli yake. Sikia alichokikuta. Mlangoni kamkuta Damasi wako, kavaa suti ya Marselino ile ya kanisani, kakalia kiti cha Marselino, kaweka mguu juu ya mguu, anakunywa chai. Mzee akamwamkia kwa heshima, akajua huyu ndiye. Damasi naye, badala ya kusema siye, akamkaribisha na kumuuliza habari za Bukoba kama bwana mwenye nyumba. Nyuma akatokea mtu mmoja kavaa kaptura ya zamani, kabeba ndoo mbili za maji kutoka bombani, jasho linamtoka. Mzee Ansbert akampa baiskeli aishike. Akamwambia aiweke kivulini na aifute vumbi, kuna senti kumi yake akimaliza. Na yule mtu akaifuta, Kasiani. Akaifuta kwa adabu mpaka ikang'aa, kwa sababu kalelewa na mie na mkubwa akikutuma huulizi.

Ilipokuja kujulikana nani ni nani, Mzee Ansbert hakupandisha sauti. Wahaya wale wazee wanazungumza polepole, kama mtu anayepima mchele. Aliomba kuonyeshwa kitanda ambacho binti yake angelalia. Marselino akatazama chini. Mzee akasema mshahara wake ameusikia, hata wauza samaki wanautaja, lakini yeye hakuja kuozesha binti kwa mshahara. Akauliza: mali yake iko wapi? Aonyeshwe hata kuku mmoja anayeweza kuitwa wa Marselino. Pale ukumbini hapakuwa na kuku. Palikuwa na Damasi.

Padre alikuwa amekwisha kuwatangaza kanisani mara moja. Mara ya pili haikusomwa. Mzee Ansbert amesema anarudi kwao Bukoba kabla ya Noeli. Ikiwa nyumba ile itakuwa imefunguka na neno la mjomba limekuja, binti atabaki na harusi itakuwepo. Ikiwa sivyo, anaondoka na binti yake, na huko wachumba wapo, wana migomba yao na kahawa yao. Ndivyo ilivyo. Kutoka leo mpaka Noeli ni miezi minne na siku kidogo, na wewe unaandika habari za baiskeli.

Anayeandika barua hii ni huyo huyo Felicitas. Nimemchagua makusudi. Ameacha kalamu kidogo kufuta macho, nimempa ncha ya kanga, sasa anaendelea.

Najua utasema mjomba ana haki. Kasiani, haki ya mjomba naijua kabla wewe hujaota meno. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno ni kaka wa mama, na akikosekana ni kaka wa bibi, ndiwe wewe. Marselino amesoma vitabu vya Wazungu mpaka amevimaliza lakini hilo hajalitupa. Anasema hataoa bila neno lako, hata nikimwambia aoe. Nataka nikuulize mbele ya watu hao wote: mjomba wetu sie alifanya nini? Alimlimia mpwa shamba la kwanza. Alimpa jembe. Mpwa akitaka mke, mjomba ndiye aliyeamka alfajiri akaenda kusema, akarudi na vumbi miguuni. Alikula kwa mpwa baada ya kumlisha. Wewe Marselino umempa jembe gani? Nguo yake ya kwanza ya shule ilitoka kwenye vitumbua. Vitabu, vitumbua. Siku alipougua surua nikamkesha, ulituma salamu. Unavuna shamba ambalo hujalipalilia hata magugu ya njiani.

Njaa ya Majimaji ilipotukuta, mie nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili na wewe mtoto wa mitatu, mama alikufa njiani, nikakubeba mgongoni siku nyingi, nikachimba mizizi ya porini nikakutafunia kwanza ili nione kama ina sumu. Sijawahi kukudai hayo. Wala leo sidai. Nakukumbusha tu kwamba mgongo uliokubeba ndio unaozungumza.

Kuhusu huo utajiri nina jambo ninalotaka kulisema, ingawa sijasoma. Mie nimeuza vitumbua hapa mjini miaka ishirini na tatu. Kitumbua ni senti tano. Mchele nauloweka mwenyewe, nazi nakuna mwenyewe. Sijawahi kushika shilingi mia nne kwa mwezi, hata kwa ndoto. Lakini nyumba ninayokaa ni yangu. Nilianza na chumba kimoja cha udongo. Mwaka uliofuata nikaongeza cha pili, paa la makuti, na hivyo hivyo kidogo kidogo mpaka vikawa vyumba sita, vinne nimepangisha. Nina kitanda changu. Nina kuku saba, na jogoo. Na huyo mwenye mia nne, ambaye kila mtu anamwita tajiri, anakuja kula kwangu. Ansbert alipotoka kule akapita kwangu kunywa maji, akatazama ua wangu, akatazama karai limeegemea ukuta, akatikisa kichwa, akasema katika familia hii tajiri amemwona, ila siye yule anayetajwa.

Nilijivuna, sikufichi. Halafu jioni nikakaa nikafikiri, na fikra ile haikunifurahisha. Kwa nini mie nimejenga na yeye hajajenga? Si kwamba nina akili kuliko yeye. Ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kujua ninapata ngapi. Senti tano leo, senti tano kesho, nani akae ukutani kusubiri senti tano? Mliponiandikia mkiomba, nilijibu kwamba mie ni kikongwe mwuza vitumbua, sina kitu, nami nina kopo la maziwa la bati chini ya jiko limejaa. Nilidanganya, Kasiani, na ninyi mkaamini upesi, kwa sababu mwanamke mwenye moshi kwenye nguo hafikiriwi. Yeye hakuweza kudanganya. Mshahara wake ulikuwa umekwisha kusomwa.

Na mabati ishirini unayolala chini yake, ambayo uliyaandikia barua ya shukrani kwa Marselino, siyo yake. Mwezi ule hakuwa na hata hela ya sabuni. Mie nilifukua kopo, nikampa, nikamwambia atume kwa jina lake. Mvua ikinyesha, hivyo unavyovisikia juu yako ni vitumbua vyangu. Niliona aibu tajiri wetu asemwe kwamba ameshindwa. Na kwa nini nione mie aibu, hapo ndipo nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo wa barua hii.

Felicitas, andika, mwanangu. Usinitazame.

Miaka mitatu iliyopita, Marselino alipopandishwa, alikuja kwangu na karatasi ya kampuni. Alifunga mlango. Alinisomea kwa sauti ndogo, mia nne, akacheka kama mtoto. Akaniomba jambo lile libaki kwangu. Alisema atamwambia na Polikarpo, kwa sababu hawajafichana kitu tangu utotoni, lakini baada yetu sie wawili asijue mwingine. Nikamwapia kwa kaburi la mama yake.

Polikarpo ni mtu wa kwetu, fundi cherehani, anashonea barazani mitaa miwili kutoka hapa. Walibatizwa siku moja. Wakati ule ndiye aliyekuwa ananiandikia barua. Wiki ile ile nikaenda kwake na vitumbua vya moto, nikamwambia aandike kwa Kasiani kwamba Marselino anapata shilingi mia nne. Aliweka kalamu chini. Alisema, Bibi, namba hiyo usiipeleke, kule barua husomwa barazani. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu naipeleka. Akanisihi tena. Nikamwuliza tangu lini fundi nguo anamfundisha bibi wa mwenzake kusema na watu wake. Akaandika. Nikamwamrisha aiandike mara mbili, mwanzoni na mwishoni, ili hata aliyechelewa kutoka kanisani aisikie.

Mwalimu Adelard, wewe unaikumbuka barua ile. Uliisoma vizuri, watu walipiga vigelegele, nililetewa habari.

Mauwa, upo hapo, nisikie, wifi yangu. Siku nilipoondoka na mtoto na kikapu ulisema mbele ya wanawake kisimani kwamba niende tu, mjini hakuna anayemzika mwanamke asiye na mtu, mbwa ndio watakaonijua. Mume alikuwa ameshakufa, Tunu ameshakufa, nawe ukasema hivyo. Nililibeba neno lile miaka yote ile, nikiwasha moto nalo, nikikuna nazi nalo. Nilipoipata ile mia nne niliitupa kama jiwe ili ikupige wewe. Haikukupiga. Ilikuja kumpiga mtoto.

Haikupita miezi miwili, meli ya Lindi ikamteremsha Damasi na jino lake. Kisha wengine. Marselino akaja kwangu asubuhi moja, akauliza nani amepeleka habari ile nyumbani. Nilikuwa nageuza vitumbua. Sikuinua uso. Akasubiri. Akasema basi ni Polikarpo, hakuna mwingine. Na mie nikanyamaza. Kitumbua kile kiliungua, nakikumbuka.

Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Akiona cherehani ya Polikarpo anapita upande wa pili wa njia. Koti linatoboka, analishona mwenyewe kwa uzi wa gunia, na fundi bora wa Temeke ni rafiki yake. Na Polikarpo anajua ni nani, anajua vizuri kuliko mtu yeyote, aliandika kwa mkono wake. Hajasema. Ananisalimu kila siku, shikamoo Bibi, na mie naitika marahaba kama mtu mwema. Miaka mitatu. Mtu akikutukana utamjibu, Kasiani, lakini akikustahi hivyo ukiwa hustahili, utafanya nini?

Kwa hiyo hasira yangu nimeigawa. Nyingi ni yako, usifikiri umepona. Iliyobaki ni yangu, nami naimeza.

Sasa sikiliza nilivyoamua, na katika haya siombi ruhusa. Kopo nimelifukua tena. Nimekata tiketi za meli za Damasi na kaka yake, za ndugu wa Mauwa, na ya yule mzee asiye wa mtu. Wanaondoka Alhamisi. Damasi alinifokea, akasema nyumba ni ya Marselino siyo yangu. Nilimwambia avue suti kwanza ndipo tuzungumze, na alivyoivua akaenda kufunga mzigo wake. Watoto wanne wa shule wanahamia kwangu, watalala chumba cha nyuma na watakuna nazi. Mabati hakuna. Baiskeli hakuna. Wale wawili uliotaka kuwaleta, wafundishwe hapo hapo na Mwalimu Adelard, anajua kusoma vizuri mno.

Wewe nakuomba kitu kimoja, na hapa nashusha sauti. Nitumie unga. Mkono mmoja tu wa unga wa mtama, kutoka mkononi mwa mjomba, uufunge kwenye kitambaa cheupe kama mjomba wetu alivyofanya siku ulipomwoa Mauwa. Mpe yeyote anayekuja na meli. Huo ndio neno lako la mjomba, na hauna gharama. Ukifika kabla ya Noeli, Marselino ataoa kwa adabu ya kwao. Usipofika, atabaki na mia nne yake na mkeka wake, nami nitakufa nikijua kwamba niliyembeba mgongoni alimnyima mjukuu wangu kiganja cha unga.

Barua hii sijaituma kwanza. Nyie mnasomewa barazani; na mie nitasomewa barazani. Nimemwita Marselino na nimemwita Polikarpo, waje mchana huu wakae hapa nyumbani kwangu, na Felicitas ataisoma yote kwa sauti, kama Mwalimu anavyosoma, bila sukari. Ndipo itafungwa.

Nisalimie wote wanaoniuliza, na wasioniuliza pia. Msalimie Mauwa, nimemsema lakini miguu yake naionea huruma, apakwe mafuta ya mbarika. Lisalimie kaburi la Tunu. Wewe mwenyewe funika mgongo asubuhi, umande wa kwetu si mzuri kwa wazee, na wewe sasa ni mzee hata kama kwangu ni mtoto.

Ni mie dada yako,
Margareta
(kidole gumba chake, kwa masizi ya karai)

Ndugu yangu, nimemwambia Felicitas aifungue tena bahasha aongeze maneno machache.

Wamekuja. Polikarpo alikuja na kiti chake, akakiweka mwisho wa baraza. Marselino akakaa mwisho wa pili. Felicitas akasoma. Alipofika kwenye vitumbua nilivyokuwa nageuza, aliisogeza karatasi karibu na macho, akaendelea mpaka mwisho.

Marselino akasimama. Nikajua anaondoka. Akavua koti lile la kiwiko, akaenda nalo mpaka kwenye kiti cha Polikarpo, akampa. Polikarpo akaligeuza, akaitazama ile mishono ya uzi wa gunia, akauliza ni mbuzi gani aliyeshona kitu hiki. Marselino akasema ni mbuzi wa shilingi mia nne. Wakacheka mpaka mmoja wao akalia, sisemi nani.

Mie hajaniambia kitu. Alikula, akanawa, akapita mbele yangu bila kuniaga. Ni haki yake. Kesho alfajiri nitakuwa njia panda na karai langu kama kawaida, na vitatu nitaviweka kando.

Unga, Kasiani.